Ndege Hushikwa na Nini Angani?

Ndege ndogo ikitua kijijini kazi zote husimama. Majembe huachwa shambani. Watoto hutoka darasani bila kengele. Hata mzee aliyeshindwa kuja mkutanoni juzi kwa sababu ya mguu, siku hiyo utamkuta kiwanjani kabla yako. Watu huizunguka ndege, huipapasa, huigonga kidogo ubavuni wasikie ni chuma au ni bati. Halafu linakuja lile swali: kitu kizito namna hii kinashikwa na nini huko juu?

Majibu yako mengi. Kuna wanaosema ndege hushikwa na injini. Kuna wanaosema imejazwa hewa nyepesi, kama puto. Na kuna wanaosema hayo ni mambo ya wataalamu, sisi tuyaache. Jibu la kwanza lina ukweli kidogo. La pili halina ukweli hata chembe. La tatu si jibu.

Safari hii tunataka tulijibu swali hilo vizuri, maana linatuhusu. Hapa Afrika Mashariki ziko sehemu nyingi ambako barabara hukatika masika, na mgonjwa mahututi hawezi kungoja barabara ikauke. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege ndogo kwenda vijijini. Huduma hiyo ndiyo iliyokua ikawa AMREF. Tangu wakati huo ndege ndogo zimebeba wagonjwa, waganga, dawa na chanjo mahali ambapo gari halifiki.

Lakini ndege hizo hutua wapi? Hutua kwenye viwanja vya udongo na nyasi, na vingi vya viwanja hivyo hutunzwa na wanakijiji wenyewe kwa majembe na mafyekeo yao. Mtu asiyejua ndege inakwendaje hataelewa kwa nini mbuzi mmoja kiwanjani ni hatari, wala kwa nini rubani amekataa gunia moja tu la mahindi. Atadhani ni maringo.

BATI SIKU YA UPEPO

Tuanze na bati la kuezekea nyumba. Kama umewahi kubeba bati siku ya upepo, basi somo la ndege umekwisha kulianza bila kujua. Bati likilala sawasawa kichwani, upepo hupita juu na chini yake, si tabu sana. Lakini ukingo wa mbele ukiinuka kidogo tu, upepo ukaingia chini, mara moja bati linanyanyuka. Linakuvuta mikono. Upepo ukiwa mkali linakuangusha. Wengine tumeona paa zima likiondoka na misumari yake.

Sasa tufikiri. Bati lile halina injini. Halina hewa nyepesi ndani yake. Ni zito kuliko hewa. Kumbe limenyanyuliwa na hewa yenyewe, hewa inayokwenda mbio.

Hewa ni kitu. Hatuioni, lakini ina uzito. Kule pwani, sanduku lenye urefu wa mita 1, upana wa mita 1 na kimo cha mita 1 huwa na hewa yenye uzito unaozidi kilo 1. Hewa hiyo ikikimbia ikakutana na bati lililoinuka mbele, hugeuzwa njia, husukumwa chini. Nayo hewa haikubali kusukumwa bure. Bati likiisukuma chini, yenyewe hulisukuma bati juu. Ni kama mvuvi na kasia lake: yeye anasukuma maji nyuma, mtumbwi unakwenda mbele.

Bawa la ndege ni bati hilo hilo, ila limetengenezwa kwa ufundi zaidi. Ukilitazama kwa ubavu utaona ukingo wa mbele ni mnene na wa mviringo, mgongo umebinuka, na ukingo wa nyuma ni mwembamba. Tena limefungwa likiwa limeinuka kidogo mbele. Hewa inayopita chini ya bawa husukumwa chini. Hewa inayopita juu hufuata ule mgongo uliobinuka, na ikitoka nyuma hutoka ikielekea chini vile vile. Kwa hiyo mgandamizo wa hewa juu ya bawa hupungua, chini yake huzidi, na bawa hunyanyuka.

Hapa tutoe onyo dogo. Viko vitabu vinavyosema kwamba hewa ya juu hukimbia haraka ili ikutane na ile ya chini kule nyuma kwa wakati mmoja. Si kweli. Hewa haina miadi na mtu. Vipimo vimeonyesha kuwa hewa ya juu hufika nyuma mapema zaidi, wala haingoji nyingine.

NDEGE HUJITENGENEZEA UPEPO

Utauliza: je, siku isiyokuwa na upepo? Panda baiskeli siku iliyotulia, teremka nayo mlima. Utasikia upepo usoni, na shati litajaa kama tanga. Upepo huo hakuuleta mtu. Umeutengeneza wewe kwa mwendo wako. Ndege nayo hufanya hivyo. Inakimbia chini mpaka upepo unaopita kwenye mabawa unatosha kuinyanyua.

Hii ndiyo kazi ya injini. Injini haiishiki ndege juu. Injini inaipeleka mbele, na mwendo huo wa mbele ndio unaoyapa mabawa hewa ya kufanyia kazi. Katika ndege ndogo, injini huzungusha pangaboi lililoko puani. Kila jani la pangaboi ni kama bawa dogo: linachukua hewa na kuitupa nyuma kwa nguvu, ndege inakwenda mbele. Ndege kubwa za jeti humeza hewa mbele, hutia mafuta na kuyachoma, kisha huitupa hewa nyuma kwa kasi kubwa mno. Magurudumu ya ndege hayazungushwi na injini kama ya gari. Yanajizungukia tu, kama ya mkokoteni unaovutwa.

Basi ndege ikiwa angani ina nguvu nne zinazoshindana. Uzito unaivuta chini, mabawa yanainyanyua. Injini inaipeleka mbele, hewa inaizuia. Nguvu hizi zikilingana mbili mbili, ndege inakwenda sawasawa, haipandi wala haishuki, haiongezi mwendo wala haipunguzi.

Liko jambo moja la hesabu hapa ambalo tunaomba ulikumbuke mpaka mwisho wa somo. Mwendo ukizidi mara 2, nguvu ya kunyanyua haizidi mara 2. Inazidi mara 4. Na mwendo ukipungua nusu, nguvu hiyo hubaki robo tu. Kwa hiyo ndege inayokimbia kiwanjani kwa nusu ya mwendo unaotakiwa haiko "nusu angani". Bado kabisa. Iko robo tu, na kiwanja kinakwisha.

BAWA LINAPOSHINDWA

Rubani anaweza kuongeza nguvu ya mabawa kwa njia ya pili, yaani kuinua pua ya ndege, ili mabawa yakutane na hewa yakiwa yameinuka zaidi. Ukiinua kidogo, ndege inanyanyuka zaidi. Ukiongeza, inanyanyuka zaidi tena. Lakini kila kitu kina kikomo. Bawa likiinuka kupita digrii 15 hivi, hewa ya juu haiwezi tena kuufuata mgongo wake. Inabanduka, inavurugika kama maji ya mto yanayopita kwenye jiwe. Hapo nguvu ya kunyanyua hupotea ghafla, na ndege hudidimia.

Angalia vizuri. Injini inaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa na bado bawa likashindwa. Na dawa yake ni ngumu kuiamini: rubani lazima aielekeze pua chini. Ndege inaanguka, naye anaielekeza chini! Moyo wa binadamu unamwambia avute juu, lakini akivuta juu anazidi kuliharibu bawa. Akishusha pua, hewa inalishika bawa tena, mwendo unarudi, kisha anainua polepole. Ndiyo maana wanafunzi wa urubani hufundishwa jambo hili tena na tena wakiwa juu sana, mahali penye nafasi ya kujirekebisha. Ndege ikishindwa ikiwa karibu na ardhi, nafasi hiyo haipo.

Jambo hili liliua watu kabla hata ndege zenye injini hazijapatikana. Mjerumani mmoja aliyeitwa Otto Lilienthal alijitengenezea mabawa, akawa anakimbia kutoka juu ya kilima na kuelea nayo. Aliruka mara nyingi sana, na watu wa nchi nyingi walimsoma. Lakini hakuwa na usukani. Alijiongoza kwa kurusha miguu na kiwiliwili chake huku na huku. Mwaka 1896 mabawa yake yalishindwa hewani, pua ikainuka, hakuweza kuirudisha. Alianguka akafa.

MAFUNDI BAISKELI

Habari za kifo hicho ziliwafikia ndugu wawili wa mji wa Dayton huko Marekani, Wilbur na Orville Wright. Hawa hawakuwa wasomi wa chuo kikuu. Walikuwa mafundi baiskeli, wenye duka lao. Wengine wakati ule walikuwa wanahangaika kutafuta injini kubwa zaidi. Hawa ndugu walisema hapana, shida ya kwanza ni kuiongoza. Sisi tunaona ufundi wa baiskeli ndio uliowasaidia kuona hivyo. Baiskeli nayo haisimami yenyewe. Lazima mpandaji aiweke sawa kila dakika, na akitaka kukata kona hulala upande mmoja.

Waliwatazama ndege wa angani wakaona jinsi wanavyopinda ncha za mabawa yao ili walale upande. Wakafunga nyaya kwenye mabawa yao ya mbao na kitambaa, wakaweza kuyapinda. Tarehe 17 Desemba 1903, karibu na Kitty Hawk, ndege yao yenye injini iliruka kwa sekunde 12. Ilikwenda mita 37 hivi, mwendo ambao mtoto angeweza kutupa jiwe. Siku hiyo hiyo waliruka tena, na mara ya nne ilikaa hewani sekunde 59 na kwenda mita 260. Kisha ikiwa imeegeshwa, upepo uliingia chini ya mabawa ukaipindua na kuivunja. Bati lile lile!

MIKONO NA MIGUU YA RUBANI

Siku hizi mabawa hayapindwi kwa nyaya. Yana vibao vyenye bawaba, kama mlango. Rubani akishika usukani wake anavipandisha na kuvishusha.

Kwenye ukingo wa nyuma wa kila bawa, karibu na ncha, kuna kibao. Rubani akigeuza usukani kulia, kibao cha bawa la kulia kinapanda na cha kushoto kinashuka. Bawa la kulia linapungukiwa nguvu, linateremka. La kushoto linaongezewa, linapanda. Ndege inalala kulia. Ikilala, ile nguvu ya mabawa haivuti tena juu peke yake, inavuta na upande wa kulia, na ndege inakata kona. Ni kama baiskeli kabisa.

Kwenye mkia kuna bawa dogo lililolala, nalo lina kibao. Rubani akivuta usukani kuelekea kifuani, kibao hicho kinapanda, hewa inaukandamiza mkia chini, na pua inainuka. Akiusukuma mbele, mkia unainuka na pua inashuka. Kisha kuna bawa la mkia lililosimama wima. Kibao chake watu wa pwani watakitambua mara moja, maana ni usukani wa jahazi. Hiki huongozwa kwa miguu. Wengi hudhani ndege hukata kona kwa kibao hicho. Sivyo. Kazi yake ni kuiweka pua sawa, isiyumbe ovyo wakati ndege inakata kona, au wakati upepo unapiga ubavuni.

Usiyaamini haya kwa sababu tumeyaandika. Yajaribu. Chukua karatasi ya daftari, ikunje ndege kama watoto wanavyofanya. (Gazeti hili usilikunje kabla wenzako hawajalisoma.) Irushe mara chache uone inakwendaje. Sasa kunja kidogo kingo za nyuma za mabawa yote mawili zielekee juu, kiasi cha upana wa ukucha. Irushe. Pua itainuka. Ukizidisha kukunja, itapanda, itasimama hewani, kisha itaanguka. Hilo ndilo bawa kushindwa, umeliona kwa macho yako. Sasa kunja upande wa kushoto juu na wa kulia chini. Italala kushoto na kuzunguka kushoto. Kama haikufanya hivyo, tazama kama mabawa yako yanalingana.

INJINI IKIZIMA JE?

Ile karatasi haina injini, na haianguki kama jiwe. Inateremka polepole huku ikienda mbele. Ndege ya kweli nayo ni hivyo. Ndege ndogo ya injini moja ikizimikiwa ikiwa kilomita 1 juu, inaweza kuteremka huku ikienda mbele karibu kilomita 9 kama hakuna upepo. Rubani anashusha pua kidogo ili asipoteze mwendo, na uzito wenyewe wa ndege unakuwa ndiyo injini yake. Vibao vyote bado vinamtii. Kitu kimoja tu hana: nafasi ya kujaribu mara ya pili. Anahitaji mahali pa kutua, papo kwa papo.

Hebu tusimulie habari moja ya kweli, maana inahusu kuongoza ndege, inahusu kiwanja, na inahusu hesabu tunazojifunza darasani.

Tarehe 23 Julai 1983, huko Kanada, ndege kubwa aina ya Boeing 767 ilikuwa inajiandaa kwa safari ndefu ikiwa na watu 69. Saa za kuonyesha mafuta zilikuwa zimeharibika. Wakaamua kupima mafuta yaliyomo tangini kwa kijiti, kisha kupiga hesabu ya kuongeza. Safari ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Tangini mlikuwa na lita 7,682. Sasa, lita 1 ya mafuta hayo ina uzito wa kilo 0.8 hivi. Lakini Kanada wakati ule ilikuwa inahama kutoka vipimo vya zamani kwenda vipya, na watu walizoea ratili. Kwa ratili, lita 1 ina uzito wa ratili 1.77. Wakachukua 1.77 wakadhani ni kilo.

Piga hesabu nasi. Lita 7,682 mara 0.8 ni kilo 6,146 hivi. Wao walipata zaidi ya 13,000, wakaona mafuta ni mengi. Walitakiwa waongeze lita zaidi ya 20,000. Waliongeza lita zisizofika 5,000. Ndege ikaondoka na mafuta yasiyofika nusu.

Katikati ya safari injini ya kwanza ikazima. Kisha ya pili. Ndege kubwa, watu 69, kimya. Taa nyingi za mbele ya marubani zikazima nazo. Pangaboi dogo likafunguka chini ya tumbo la ndege, likawa linazungushwa na upepo na kutoa nguvu ya kuendeshea vibao. Bahati iliyoje, rubani mkuu, Robert Pearson, alikuwa na uzoefu wa kuendesha ndege zisizo na injini. Msaidizi wake, Maurice Quintal, alikumbuka kiwanja cha zamani cha jeshi mahali panapoitwa Gimli, akaona kwamba wanaweza kukifikia. Waliteremka kwa zaidi ya robo saa.

Walipokaribia waliona wako juu mno, na hawawezi kuzunguka. Pearson akafanya jambo ambalo mwenye ndege kubwa halifanyi: alilaza mabawa upande mmoja na kukanyaga usukani wa mkia upande mwingine, ndege ikawa inakwenda kwa ubavu. Hewa ikaizuia sana, ikashuka upesi bila kuongeza mwendo. Karibu na chini akainyoosha.

Kumbe kiwanja kile hakikuwa kitupu. Siku hiyo kulikuwa na mashindano ya magari, na familia zimepiga kambi pembeni. Watoto walikuwa wanaendesha baiskeli kwenye njia yenyewe ya ndege. Wala hawakusikia kitu, maana ndege haikuwa na mlio. Waliinua macho wakaiona imefika. Gurudumu la mbele halikukaza, pua ikaburuta chini ikitoa cheche, na msuguano huo ukasaidia kuisimamisha kabla haijawafikia watu. Hakufa mtu hata mmoja. Wachache waliumia kidogo wakati wa kushuka.

KIWANJA CHETU

Sasa turudi kwetu. Ndege ndogo ya watu sita huacha ardhi ikiwa na mwendo wa kilomita 100 kwa saa, au kuzidi kidogo. Ili ifikishe mwendo huo inahitaji kukimbia mita mia kadhaa. Na ikitua lazima ipate tena nafasi ya kupunguza mwendo. Kwa maana hiyo kiwanja ni sehemu ya ndege, kama vile injini na mabawa. Kikiwa kibovu, ndege ni mbovu.

Nyasi ndefu hushika magurudumu, na tope hushika zaidi. Ndege inakimbia lakini mwendo hauongezeki, na pale mwisho kuna miembe. Kichuguu kidogo ambacho wewe unakiruka kwa mguu kinaweza kuvunja gurudumu la mbele, na pangaboi likagonga ardhi. Shimo la mnyama lililofunikwa na nyasi ni baya zaidi, maana rubani halioni kutoka juu. Ndiyo maana ni vizuri watu wakatembea kiwanja kizima kwa mstari, bega kwa bega, kabla ndege haijafika.

Na mbuzi? Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa ndege hupita mita 28 hivi katika sekunde 1. Mbuzi akiwa mita 84 mbele, rubani ana sekunde 3. Tena mbuzi hajulikani atakimbilia upande gani. Wachungaji wenyewe wanatuambia hivyo.

Kuna ule mfuko mrefu wa kitambaa unaoning'inia kwenye mlingoti kiwanjani. Baadhi ya watu wamewahi kuuchukua wakatengeneza mfuko wa mtama. Ndugu zetu, mfuko ule humwonyesha rubani upepo unatoka wapi. Tuseme mabawa yanahitaji upepo wa kilomita 100 kwa saa. Upepo wa siku hiyo ni kilomita 20 kwa saa. Rubani akikimbia kuuelekea upepo, magurudumu yanahitaji mwendo wa kilomita 80 tu, maana 20 amepewa bure. Akikosea akakimbia upepo ukiwa mgongoni, lazima magurudumu yafikie 120. Tofauti hiyo inaweza kuwa tofauti ya kuruka na kutoruka.

Joto nalo lina neno. Hewa ya moto ni nyepesi, na hewa ya nchi za milimani ni nyepesi pia. Mabawa yanapata kitu kidogo cha kusukuma, na injini inapata hewa kidogo ya kuchomea mafuta. Kiwanja kikuu cha Nairobi kipo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na njia yake ya ndege ina urefu unaozidi mita 4,000. Njia kubwa ya Dar es Salaam, karibu na bahari, ina mita 3,000 hivi. Rubani akisema anataka kuondoka alfajiri na si saa nane mchana, hakimbilii chai ya mjini. Anafuata hewa ya baridi.

Kuhusu pangaboi tutasema machache lakini yashikwe. Likizunguka halionekani, linaonekana kama kivuli tu. Huzunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika ndege inapoondoka. Usiikaribie ndege mpaka limesimama kabisa na rubani amekupungia mkono. Ukiikaribia, pitia nyuma ya bawa, usipitie puani. Watoto washikwe mikono.

HESABU YA MZIGO

Limebaki lile gunia la mahindi. Tuseme mama mmoja ana uchungu wa siku ya pili, na ndege imekuja kumchukua. Rubani ameupima urefu wa kiwanja, joto na upepo, akaona kwamba siku hiyo ndege isibebe zaidi ya kilo 450, mafuta na watu pamoja. Ana lita 200 za mafuta. Mafuta ya ndege hizo ni mepesi kuliko maji, lita 1 ina kilo 0.72 hivi. Kwa hiyo mafuta ni kilo 144. Rubani mwenyewe ni kilo 80. Muuguzi ni 65. Mgonjwa ni 55. Mume wake anayemsindikiza ni 70. Machela na vifaa vya muuguzi ni 25.

Jumlisha. Utapata kilo 439. Zimebaki 11. Gunia la mahindi ni kilo 100, kwa hiyo hilo halina mjadala, wala rubani asilaumiwe. Apunguze mafuta? Basi hatafika hospitali. Amwache muuguzi? Nani atamshika mgonjwa njiani?

Sasa mama mkwe naye amefika anahema, na mkungu wa ndizi wa kilo 20, maana mjini mwanawe atakula nini. Piga hesabu mwenyewe kabla hujasoma jibu. Mkungu mzima ukipakiwa, ndege imezidi kilo 9. Ukikatwa nusu, inakuwa kilo 449, na rubani ataupokea.